Tenreki si kalunguyeye

Mkazi wa Buruburu au Umoja, jijini Nairobi, akionyeshwa picha ya tenreki, mnyama mdogo mwenye miiba wa kisiwa cha Madagaska, huenda akasema ni kalunguyeye. Hata mtaalamu Mjerumani, Johann Schreber, alidhani hivyo mwaka 1778, akampa jina la Kilatini lenye maana ya kalunguyeye asiye na mkia.

Hata hivyo, uchunguzi wa chembechembe za urithi uliotangazwa mwaka 1998 ulibainisha kuwa nasaba yake imo pamoja na ndovu na nguva.

Wenyeji wa kisiwa hicho humwita trandraka, au tandraka katika baadhi ya lahaja. Wafaransa walilitohoa neno hilo kuwa tanrec, nalo likaenea. Mtaalamu alikosea ukoo. Jina la wenyeji ndilo lililodumu.