Wapanda Farasi wa Hiari wa Nairobi, 1914–1917

East African Mounted Rifles kilikuwa kikosi cha wapanda farasi kilichoundwa Nairobi Agosti 1914, mara tu Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani. Waliojitolea walikuwa walowezi wa Kizungu, wakulima na wawindaji, pamoja na Makaburu wa Uasin Gishu. Wengi walifika na bunduki zao na wanyama wao, farasi kwa nyumbu. Makundi yalijiita kwa majina ya viongozi wao: Bowker's Horse, Arnoldi's Scouts, Wessel's Scouts. Monica's Own lilichukua jina la binti wa Gavana Belfield, na mikuki yake ilikuwa mianzi iliyotiwa vyembe katika karakana ya reli. Kwa kuwa farasi mweupe huonekana kutoka mbali nyikani, yuko aliyepakwa milia afanane na punda milia.

Kikosi kilianza kwa doria mpakani na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mtihani wake mkubwa ulikuwa mlima Longido, tarehe 3 Novemba 1914, siku zilezile za shambulio la Waingereza huko Tanga. Pamoja na vikosi vya Kihindi, wapanda farasi hao waliukaribia mlima usiku na kuwakuta Wajerumani na askari wao wamejizatiti. Kiu ndiyo iliyoamua mambo. Nyumbu waliobeba maji walikurupuka wakatimua mbio, na usiku ulipoingia jeshi likarudi Namanga. Shabaha nzuri na ujuzi wa pori, fahari kubwa ya walowezi, havikufaa kitu pasipo maji. Katikati ya mwezi huohuo Waingereza waliitwaa Longido baada ya Wajerumani kuiacha.

Tangu hapo kikosi kilizidi kupukutika, na sababu kuu haikuwa risasi. King's African Rifles, kikosi cha askari wa Kiafrika, na jeshi la wapagazi vilihitaji maofisa wanaoijua nchi na kusema Kiswahili, wakachotwa humo mmoja mmoja. Malaria na kuhara vikawalaza wengine. Wanyama nao waliangamizwa na mbung'o, kwani nagana, ugonjwa unaoenezwa nao, haikuwa na tiba na farasi aliyeambukizwa alidhoofika hadi kufa. Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, aliposonga kuelekea Moshi, Machi 1916, masalia ya kikosi yalikuwamo katika safu iliyotokea Longido. Mzigo wa vita ulikuwa umeshawaangukia askari wa Kiafrika na wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu. Kufikia 1917, kilichobaki cha wapanda farasi wa Nairobi kilikuwa jina tu.