Ufundi wa Kompyuta: Uchunguzi Kwanza, Bisibisi Baadaye

Kompyuta ya shule au zahanati inapokataa kuwaka, mara nyingi hufungiwa kabatini ikidhaniwa imekufa, kumbe kilichoharibika ni waya wa umeme au feni iliyozibwa na vumbi. Hasara kubwa zaidi hutokea pale fundi asiyefunzwa anapofuta diski ili aweke programu upya bila kunakili taarifa zilizomo. Mashine hupona, lakini matokeo ya wanafunzi hupotea.

Kwa sababu hiyo, mafunzo mazuri humzoeza mwanafunzi kufuata mpangilio: kumsikiliza mtumiaji, kupima umeme, kuhifadhi nakala ya taarifa, kisha ndipo kufungua mashine. Hufundishwa pia kuunganisha mtandao, kuondoa virusi na kutunza siri za mteja.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa vyeti vya ufundi stadi katika hatua 3. Aidha, upo utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi aliyejifunzia mtaani aulize katika chuo kilicho karibu iwapo fani yake inahusika.

Vijana wenye ujuzi huo wakijiunga katika kikundi, wanaweza kuomba mkopo usio na riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hiyo, na asilimia 4 ni ya vijana. Waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao.