Saumu, Mkarafuu na Faili la Mgonjwa

Wagonjwa wawili wa kisukari waweza kuwa na kipimo kile kile cha sukari na kupewa dawa ile ile, lakini hatari zinazowakabili zikawa mbalimbali. Tofauti hiyo haionekani katika damu. Imo katika maisha yao.

Mathalani, mchumaji karafuu wa Gombani, kisiwani Pemba, anatumia vidonge vya glibenklamaidi. Dawa hiyo huchochea kongosho kutoa insulini, yaani homoni inayopunguza sukari katika damu, na huendelea kufanya hivyo hata mtu asipokula. Akiimeza wakati wa daku kisha akashinda na saumu, sukari yaweza kumpungukia mchana: atatetemeka, atatoka jasho, ataona kizunguzungu, na hata kuzimia. Yakimpata hayo akiwa juu ya mkarafuu, yaweza kumwua.

Hatari hiyo si ya kukisia. Utafiti uitwao EPIDIAR, uliohusu wagonjwa 12,243 katika nchi 13 mwaka 2001, ulionyesha kuwa kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio makali ya kupungukiwa na sukari yaliongezeka mara 7.5 katika Ramadhani.

Uislamu humruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Hata hivyo, wengi huchagua kufunga. Tabibu asiyeuliza hatajua, na mgonjwa atajibadilishia dawa kwa siri.

Nini kiandikwe?

Mwaka 1968 tabibu Lawrence Weed wa Marekani alieleza namna ya kupanga kumbukumbu za mgonjwa kwa kufuata matatizo yake. Katika mpango huo, maelezo ya mgonjwa mwenyewe hutangulia vipimo. Faili la mchumaji huyu lingehitaji mistari michache tu: hupanda miti, anakusudia kufunga, hula daku mapema, hana kipimo cha sukari nyumbani.

Kwa mistari hiyo, tabibu yeyote atakayekuwa zamu aweza kupanga tiba kabla ya mwezi kuandama. Aweza kupunguza dawa ya daku, kumpa dawa isiyoshusha sukari mno kama metformini, au kumshauri afanye kazi za chini. Pia atamweleza kuwa sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, hana budi kufungua papo hapo.

Habari hizo ni amana. Kinachofaa kuandikwa ni kile tu kinachosaidia tiba, tena kwa ridhaa ya mgonjwa.