Ripoti nzito hukwama njiani

Tulingoja ripoti ya parokia moja kwa siku tisa. Ilikuwa na majina ya familia za wahamishwa waliolala katika majengo ya kanisa, na picha 22 za paa lililobomoka. Katibu aliituma mapema kwa wafadhili na sisi nakala, lakini haikufika popote. Jibu la kukataliwa lilimfikia dakika ileile, kwa Kiingereza, akadhani ni matangazo. Wakati tulipogundua, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita.

Jibu kama hilo hutoka mara nyingi kwa jina Mailer-Daemon au Mail Delivery Subsystem. Sisi wachungaji tunashtuka kuona neno Daemon! Si pepo mchafu, ni jina la zamani la programu inayofanya kazi kimyakimya ndani ya kompyuta. Likija, lisomeni: barua yenu haikufika.

Kwa nini inakataliwa? Kanuni za kupeleka barua pepe za mwaka 1982 zilitengenezwa kwa ajili ya maandishi matupu. Picha au PDF ili ipite lazima igeuzwe kwanza kuwa herufi, na kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. Basi mzigo unaongezeka kwa theluthi moja njiani. Faili la mega 8 linakaribia mega 11, na sanduku lenye kikomo cha mega 10 linalirudisha. Gmail inaruhusu kutuma viambatisho vya mega 25 kwa jumla, lakini hiyo ni ruhusa ya upande wenu tu. Anayepokea ana kikomo chake, na masanduku ya mashirika mengine ni madogo kuliko Gmail. Tunashauri msipite mega 7, isipokuwa mmeuliza.

Mara nyingi uzito uko katika picha. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 3 au 5, hata ukiifanya ndogo kwenye ukurasa wa Word, maana uzito wake haupungui kwa kuivuta pembe. Bonyeza picha, chagua « Compresser les images », kisha uhifadhi. Ripoti ya mega 60 inaweza kushuka sana, na paa bado linaonekana vizuri. Na kweli, picha sita zilizochaguliwa vema zinatosha.

WhatsApp tangu mwaka 2022 inabeba faili hadi giga 2. Tumeni kama dokima, si kama picha, la sivyo inapunguza ubora. Lakini mega mlizonunua zinaisha haraka.

Njia nyingine ni Google Drive: faili linabaki huko, mnatuma kiungo tu. Hapa tunaomba uangalifu. Mkichagua kwamba kila mwenye kiungo anaweza kufungua, kiungo kikisambazwa katika kikundi, yeyote atasoma majina ya wahamishwa na mahali wanapolala. Kwa hali ya huku kwetu hilo si jambo dogo. Andikeni anwani ya anayepaswa kufungua, yeye peke yake, na orodha ya majina iwe faili la pekee, mbali na picha.

Kisha mpigieni simu mpokeaji mumuulize kama amelifungua.