Kabureta ya Kiasi Gani kwa Injini Iliyoongezwa Nguvu Jijini Nairobi

Kwa kawaida Kenya hairuhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane, na kwa sababu hiyo gari lenye kabureta linaloonekana leo katika barabara za Nairobi karibu kila mara ni gari lililotunzwa kwa miongo kadhaa: Datsun 1600, Peugeot 504, au Corolla ya enzi za miaka ya 1970 na 1980. Baadhi ya magari hayo hupelekwa kila mwaka kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano ya unadhifu wa magari yaliyoanzishwa mwaka 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, ambayo yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Mengine hayatafuti unadhifu bali nguvu. Silinda zimechongwa zikapanuka, kichwa cha injini kimelainishwa, na kamshafti, yaani shafti inayofungua na kufunga vali, imebadilishwa ili vali zikae wazi kwa muda mrefu zaidi. Kazi hizo zikiisha, mwenye gari huenda Kirinyaga Road kutafuta kabureta, na mara nyingi huchagua iliyo kubwa kuliko zote zilizopo dukani, kwa imani kwamba mdomo mpana huleta nguvu nyingi.

Imani hiyo inatokana na kutoelewa kazi ya kabureta yenyewe. Pistoni ishukapo huvuta hewa, nayo hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta liitwalo venturi, ambamo mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua. Upungufu huo wa shinikizo ndio unaovuta petroli kutoka kwenye bakuli la kabureta kupitia jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa. Kabureta haisukumi petroli, bali huingoja ivutwe. Venturi ikiwa pana mno, hewa hupita polepole, mvuto hudhoofika, na petroli hutoka kwa matone makubwa yasiyochanganyika vizuri na hewa. Matokeo yake dereva anayekanyaga ekseleta ghafla akitoka kwenye makutano ya Museum Hill kuelekea Westlands huona gari likisita na kukohoa kabla ya kuchukua mwendo. Venturi ikiwa nyembamba mno, gari huondoka kwa wepesi lakini hukatwa pumzi injini inapozunguka kwa kasi, na kati ya makosa hayo mawili, kwa gari la mtaani, hili la pili ndilo linalovumilika.

Kiasi cha hewa kinachohitajika hupatikana kwa hesabu nyepesi. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ujazo wake huzidishwa kwa nusu ya mizunguko ya juu kabisa itakayofikiwa, kisha kwa kiwango cha ujazaji, ambacho kwa injini iliyorekebishwa kiasi huwa karibu asilimia 85, kwa kuwa silinda hazijai hewa kikamilifu. Datsun 1600 ina ujazo wa cc 1,595, yaani lita 1.595; ikizungushwa mara 6,000 kwa dakika huhitaji takriban lita 4,070 za hewa kwa dakika, ambazo ni sawa na futi za ujazo 144, kipimo kinachotumika kwa kabureta za Kimarekani. Peugeot 504 ya cc 1,971 isiyopita mizunguko 5,000, hata ikikadiriwa kwa ujazaji wa asilimia 80, huhitaji lita 3,940 tu, ingawa injini yake ni kubwa zaidi. Ndiyo maana muuzaji anayeuliza ukubwa wa injini peke yake, bila kuuliza mizunguko, hajauliza hata nusu ya swali. Na ni vyema mwenye gari aseme kweli kuhusu mizunguko hiyo: katika Nairobi Expressway, ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa, Datsun iliyo kwenye gia ya nne haivuki sana mizunguko 3,000, na katika msongamano wa Waiyaki Way jioni haifiki hapo.

Kwa kulinganisha, kabureta ya Holley yenye midomo minne, hata ile ndogo iliyozoeleka ya futi za ujazo 390, ni zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya injini ya Datsun hiyo. Weber 32/36, ambayo wengi huifunga badala ya kabureta ya kiwandani, hufaa zaidi. Nambari hizo ni upana wa midomo yake miwili kwa milimita, lakini venturi zilizomo ndani ni za milimita 26 na 27, na mdomo wa pili hufunguka baada ya wa kwanza kufunguka sehemu kubwa, hivi kwamba gari hubaki na koo dogo mjini na kupata la pili linapohitaji nguvu. Hali ni tofauti kwa jozi ya Weber DCOE, ambapo kila silinda hupewa mdomo wake. Hapo hesabu ya jumla haitumiki moja kwa moja, kwa kuwa kila venturi hupitisha hewa wakati silinda yake inapovuta tu, ambao ni karibu robo ya muda wote, na hivyo lazima iwe pana kuliko hesabu inavyoonyesha. Kwa silinda ya cc 400 na mizunguko 6,000, venturi ya milimita 30 hadi 32 hutosha, nayo hukaa vizuri katika DCOE ya 40. Ile ya 45, inayotamaniwa sana, ni ya mashindano.

Kamshafti kali huongeza ugumu. Vali zinapokaa wazi kwa muda mrefu, mvuto katika mizunguko ya chini huwa dhaifu tayari, na kabureta kubwa huudhoofisha zaidi, kwa hiyo injini iliyorekebishwa ndiyo inayoathirika haraka na kabureta iliyozidi kipimo.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi sana ni mwinuko. Katikati ya jiji la Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na anayeelekea magharibi kupitia Kangemi na Kikuyu huendelea kupanda hadi Limuru, iliyo juu ya mita 2,200. Hewa ya Nairobi ina uzito wa takriban asilimia 84 tu ya ule wa hewa ya Mombasa. Ujazo unaovutwa na injini haubadiliki, na kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kabureta kubwa zaidi ili kufidia mwinuko, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri. Kinyume chake, hewa nyepesi huzaa mvuto dhaifu zaidi katika venturi ile ile, na hiyo ni hoja ya kuchagua iliyo ndogo kidogo. Kinachobadilika ni mchanganyiko. Uzito wa hewa hupungua upesi kuliko kiasi cha petroli kinachovutwa, kwa hiyo kabureta iliyopangwa pwani huzidisha petroli kwa karibu asilimia 9 ikifika Nairobi, na dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na safari zisizoisha za kituo cha mafuta. Jeti ya namba 140, yaani yenye tundu la milimita 1.40, hubadilishwa kwa ya 135.

Kabureta za aina ya SU hupunguza sehemu ya tatizo la ukubwa, kwa kuwa pistoni iliyo ndani yake hupanda na kushuka kulingana na hewa inayopita na kubadilisha upana wa koo lenyewe. Datsun 240Z, gari ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, liliuzwa kwa umma likiwa na kabureta mbili za aina hiyo zilizotengenezwa na Hitachi, na kwa gari la kwenda kazini kila siku kutoka Karen hadi mjini chaguo hilo bado lina mantiki kuliko fahari ya jozi ya Weber DCOE.

Kipimo cha mwisho hufanyika barabarani. Geji ya mvuto hufungwa kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, kisha gari huendeshwa likiwa limekanyagwa hadi mwisho: mvuto ukizidi milimita 38 hivi za zebaki karibu na mizunguko ya juu, kabureta ni ndogo, ukiwa karibu na sifuri katika mizunguko yote huku gari likisita chini, imezidi. Baada ya hapo ndipo jeti hubadilishwa, tena kwa jeti zenye namba za kiwandani, kwa sababu jeti iliyochokolewa kwa waya gerejini haina namba inayoaminika tena. Gari lililopangwa hivyo Nairobi likiteremka Mombasa hukumbana na tatizo la kinyume: petroli huwa haba kwa hewa nzito ya pwani, joto la mwako hupanda, na pistoni huweza kutoboka katika safari ndefu ya mwendo wa kasi. Jeti za namba ya juu hubebwa garini, na hufungwa kabla ya kufika Voi.