Sentimita Ishirini Zilizokosekana: Kasoro ya Kompyuta Mpakato

Mtu ajitwikapo debe la maji la lita 20 kutoka kisimani hadi nyumbani, hatembei ameinama. Shingo yake huwa wima, macho yakitazama mbele, na pingili za shingo huupokea uzito ule zikiwa zimepangana moja juu ya nyingine mithili ya matofali ya nguzo. Si kwamba mzigo huo hauna madhara. Wanaoubeba kila siku kwa miaka mingi wanayajua. Hata hivyo mwili wenyewe humfundisha mbebaji kuuweka uzito juu ya nguzo, wala si mbele yake. Jioni ile ile, katika nyumba ya jirani, mwalimu anatayarisha mtihani wa muhula kwa kompyuta mpakato isiyofikia kilo mbili. Kompyuta iko mezani, haimgusi kichwani wala begani. Baada ya saa mbili mwalimu huyo anainuka akijikanda shingo. Je, amebeba mzigo gani?

Amebeba kichwa chake mwenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, yaani uzito wa nyutoni 50. Kikiwa wima, uzito huo hushuka karibu moja kwa moja kupitia pingili, na misuli ya nyuma ya shingo haina kazi kubwa zaidi ya kukizuia kisiyumbe. Kikiinama, shingo hugeuka kuwa wenzo. Mwanafunzi wa fizikia aweza kulikadiria jambo hili kwa momenti tu. Chukulia kwamba kitovu cha uzito wa kichwa kiko sentimita 20 kutoka egemeo lililo chini ya shingo. Shingo ikiinama nyuzi 30, uzito husogea mbele ya egemeo kwa sentimita 10. Misuli inayouzuia iko nyuma ya egemeo hilo hilo, lakini kwa umbali wa sentimita 5 hivi tu. Ili momenti zilingane, hapana budi misuli ivute kwa kani ya nyutoni 100, ambayo ni mara mbili ya uzito wa kichwa chenyewe, sawa na kushikilia ndoo ya lita 10 kwa kamba bila kuitua. Nazo pingili hubanwa na vyote viwili, uzito wa kichwa na mvuto wa misuli.

Hesabu hiyo imerahisishwa, kwani shingo ya kweli ina pingili saba na misuli mingi. Hata hivyo haiko mbali na makadirio ya wataalamu. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa Marekani, alichapisha makadirio yaliyotokana na kielelezo cha kompyuta. Kwa mujibu wake, shingo hupata mzigo ulio sawa na kilo 12 kichwa kikiinama nyuzi 15, kilo 18 kwa nyuzi 30, na kilo 27 kwa nyuzi 60. Yafaa ikumbukwe pia kwamba msuli hauchoshwi na ukubwa wa kani peke yake. Msuli uliokazwa mfululizo huibana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, hivyo hupata oksijeni haba wakati uleule unapoihitaji. Mpasua kuni huupumzisha msuli wake kila anapoinua shoka. Mtu aliyeinamia kompyuta haupumzishi.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu akae ameinama hivyo? Hana njia nyingine, na jambo hili laweza kuthibitishwa kwa kipimio cha fundi cherehani. Mtu mzima wa kimo cha wastani, aketipo kwenye kiti cha kawaida, macho yake huwa sentimita 118 hivi kutoka sakafuni, na viwiko vyake sentimita 66 hivi. Mikono hufanya kazi kwa raha pale kibodi inapokuwa kwenye kimo cha viwiko. Macho nayo hutulia yanapoelekea chini kidogo ya usawa, kwa nyuzi 15 hadi 20. Ikiwa skrini iko sentimita 55 mbele ya uso, basi katikati ya skrini pafaa pawe sentimita 101 hivi kutoka sakafuni. Kati ya vidole na kitovu cha skrini panatakiwa, kwa hiyo, umbali usiopungua sentimita 30. Kompyuta mpakato yenye skrini ya inchi 14 hutoa sentimita 10 tu. Zilizobaki, ishirini na zaidi, hulipwa na mwili. Kompyuta ikiwekwa chini ili kuiridhisha mikono, shingo huinama. Ikiinuliwa ili kuiridhisha shingo, mabega hupanda na vifundo vya mikono hujikunja. Meza ya kawaida ya darasani, yenye sentimita 75, haiiridhishi shingo wala mikono: kibodi huwa juu ya viwiko kwa sentimita 10 na skrini huwa chini ya mahali pake kwa zaidi ya hizo.

Chanzo cha yote ni bawaba iliyoiunganisha skrini na kibodi.

Kihistoria, bawaba hiyo haikuwa ya lazima. Mwaka 1972 Alan Kay, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, alieleza kompyuta ya kubebwa na watoto, bapa kama daftari, aliyoiita Dynabook. Haikupata kuundwa kama alivyoikusudia. Mwaka 1981 ikatoka Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi: sanduku la kilo 11 lenye skrini ya inchi 5. Ilikuwa nzito mno kwa mkono wa mtu, lakini kibodi yake, iliyokuwa pia kifuniko cha sanduku, ilitengana na skrini na kuunganishwa nayo kwa waya. Kompyuta ya mezani ya IBM, iliyotoka mwaka huo huo, ilikuwa na utaratibu kama huo. Mwaka uliofuata, 1982, ilitokea GRiD Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge. Skrini yake bapa ilijikunja juu ya kibodi kama ganda la chaza. Usanifu huo ulikuwa wa kupendeza, nao ulitatua tatizo la kubeba mashine na kuilinda njiani. Ndio uliofuatwa na karibu kila mtengenezaji hadi leo. GRiD Compass ilipelekwa hata angani ndani ya vyombo vya NASA. Huko bila shaka haikumuumiza mtu shingo, kwa kuwa kichwa hakina uzito.

Wataalamu wa afya ya kazi hawakulala. Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo namba 90/270 kuhusu kazi za mbele ya skrini, likitaka kibodi iwe imetengana na skrini ili mfanyakazi akae bila kuichosha mikono yake. Agizo hilo hilo liliziacha nje kompyuta za kubebeka zisizotumiwa kwa muda mrefu mahali pa kazi. Kwa wakati ule sharti hilo halikuwa na ubaya, maana kompyuta mpakato ilikuwa chombo cha msafiri. Leo katika shule na ofisi nyingi za Afrika Mashariki ndiyo kompyuta pekee iliyopo, na hutumiwa kutwa.

Joto mapajani

Jina la Kiswahili la chombo hiki latokana na kupakata, yaani kuweka mapajani kama mtoto mchanga. Ni jina zuri, ila lina ushauri mbaya. Umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto: wati 15 kwa kazi nyepesi, wati 50 au zaidi kwa kazi nzito. Katika kompyuta nyingi hewa ya kupoza huvutwa kupitia matundu yaliyo chini, mahali hasa panapozibwa na khanga, shuka au godoro. Kompyuta hupata moto, feni hupiga kelele, na mwenye kupakata hujizoeza joto pasipo kuungua ghafla.

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana ngozi huunguzwa na joto na muda kwa pamoja. Mwaka 1947 Moritz na Henriques wa Marekani walionyesha kwamba kitu chenye nyuzi joto 44 za sentigredi, ambacho mkono huweza kukivumilia, huiunguza ngozi kikiachwa kwa saa 6. Joto lililo chini ya hapo, likirudiwa kwa siku nyingi, huacha mabaka mekundu na ya kahawia yaliyosukika kama wavu. Bibi na babu waliozoea kuota moto karibu na jiko waliyajua kwenye miundi yao. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliandika habari za mvulana wa miaka 12 aliyepata mabaka hayo kwenye paja la kushoto, kwa kucheza michezo ya kompyuta kwa saa kadhaa kila siku. Trei ya mbao au ubao wa kuandikia, ukiwekwa chini ya kompyuta, huyaacha matundu wazi na huikinga ngozi.

Ukingo, sisimizi na kioo

Kasoro nyingine ni ndogo, lakini zina fizikia yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kibodi ilikaa kwenye ukingo wa mbele wa mashine. PowerBook ya Apple, mwaka 1991, iliisogeza nyuma na kuacha nafasi ya kuegemeza viganja. Tangu hapo maganda yamezidi kuwa membamba, na kingo zake kuwa kali. Mkono unaoegemea ukingo wenye upana wa milimita 1 kwa urefu wa sentimita 5, kwa kani ya nyutoni 5 tu, hupata kanieneo iliyo sawa na ile ya angahewa. Ukingo ungeviringwa hadi upana wa sentimita 1, kanieneo hiyo ingepungua mara kumi. Chini tu ya ngozi ya mahali hapo hupita kano za vidole na neva ya kati ya mkono.

Watumiaji wa kompyuta zenye ganda la chuma hulalamika pia kwamba, zinapochajiwa, mkono ukipita juu ya ganda huhisi kama unatambaliwa na sisimizi. Wengine huogopa kwamba mashine imeharibika. Kwa kawaida haijaharibika. Ndani ya chaja mna kapasita ndogo inayozuia kelele za redio, nayo hupitisha mkondo geu hafifu sana kutoka upande wa umeme wa nyumba hadi kwenye ganda. Pakiwapo waya wa ardhi, mkondo huo huenda ardhini. Chaja ikiwa na plagi ya pini mbili, au soketi ikiwa haikuunganishwa na ardhi, njia iliyobaki ni mwili wa mtumiaji. Mkondo wenyewe uko chini ya kiwango cha kudhuru. Lakini mtu akipata mtikisiko halisi wa umeme, hiyo ni habari nyingine: chaja ichomolewe na kuitiwa fundi.

Kuhusu kioo, tatizo huonekana zaidi katika nchi zenye jua kali. Kioo kinachong'aa hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga unaokiangukia. Kiasi hicho ni kidogo mpaka pale kinapotazamana na dirisha. Wingu jeupe lililomulikwa na jua laweza kuwa na mng'ao wa kandela 10,000 kwa meta mraba. Asilimia 4 yake ni 400, na skrini ya kawaida yenyewe hutoa 300 hivi. Picha ya wingu huishinda picha ya somo, na mtazamaji hujipinda kuikwepa, akiongeza adha ya shingo. Kuwa dawa ipo kulionyeshwa na XO, kompyuta ya watoto iliyoanza kutengenezwa mwaka 2007 na kugawiwa kwa wingi katika shule za msingi za Rwanda, zaidi ya laki mbili. Skrini yake, iliyobuniwa na Mary Lou Jepsen, iliutumia mwanga wa jua wenyewe kuonyesha maandishi, hivyo ilisomeka uani mchana. Watengenezaji wengi hawakuifuata.

Kwa shingo, dawa ni kuzirudisha zile sentimita 20. Kompyuta iinuliwe juu ya vitabu au kasha hadi ukingo wa juu wa skrini ufikie usawa wa macho au chini yake kidogo, kisha iunganishwe kibodi ya pembeni na kipanya, vilivyo kwenye kimo cha viwiko. Kibodi kuukuu ya kompyuta ya mezani yenye plagi ya USB yatosha. Asiye na kibodi ya pili aweza kuinua kompyuta wakati wa kusoma na kuishusha wakati wa kuandika, na kusimama kila baada ya nusu saa. Faida ya macho imo humo humo, kwa sababu mtu akazaye macho kwenye skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka.

Darasani, zoezi la kupima halihitaji maabara. Wanafunzi wawili wawili wapimane kwa futi kamba, kila mmoja akiwa ameketi wima kwenye dawati lake: kimo cha macho, kimo cha kiwiko, kimo cha dawati, na cha katikati ya skrini ya kompyuta ya shule ikiwa imefunguliwa juu ya dawati hilo. Kwa kila mwanafunzi ichorwe pembetatu kutoka jichoni hadi katikati ya skrini, na pembe itafutwe kwa tanjenti. Vipimo viandikwe kwenye jedwali moja ubaoni, pamoja na vya mwalimu.