Kamina: Misuli ya miguu inasaidia moyo, lakini haiponyeshi moyo uliochoka

Msafiri anayetoka Lubumbashi kwa treni hadi Kamina anajua hali hii: anashuka, miguu imevimba, viatu vinabana. Mara nyingi moyo wake ni mzima. Amekaa tu muda mrefu, magoti yamekunjwa kati ya mizigo, na misuli ya miguu haikufanya kazi yake.

Mtu akipumzika, moyo unasukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Kazi ngumu ni kuirudisha damu hiyo kutoka miguuni. Hapo shavu la mguu linasaidia: kila hatua inaminya mishipa, damu inapanda, na vilango vidogo ndani ya mishipa vinaizuia kushuka tena. Ndiyo maana waganga huliita moyo wa pili. Hata askari kijana anaweza kuzimia kwenye gwaride akisimama wima muda mrefu bila kutikisa miguu.

Nguvu hiyo ya misuli iliwahi kuwapa wapasuaji tumaini kubwa. Mwaka 1985, katika hospitali ya Broussais jijini Paris, Alain Carpentier na Juan Carlos Chachques walichukua msuli mpana wa mgongo wa mgonjwa na kuuzungushia moyo wake dhaifu. Kifaa kidogo cha umeme kiliuamuru ujikaze pamoja na moyo.

Shida ni kwamba msuli wa mgongo huchoka upesi, na moyo haupumziki. Kwa hiyo msuli uliachwa upone kwanza, kisha ukazoezwa kwa umeme, juma baada ya juma, mpaka ukavumilia.

Nchi nyingine zilifuata. Wagonjwa kadhaa walisema wamepata nafuu, lakini vipimo vya moyo havikubadilika sana, na waliokuwa dhaifu zaidi hawakuhimili upasuaji. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, dawa bora na pampu za mashine zilichukua nafasi, na njia hiyo ikaachwa karibu kila mahali.

Kwa wakaaji wa Kamina, mji ambapo reli za Ilebo na Kabalo zinaachana, funzo ni la pande mbili. Safarini, simama, tembea kidogo, inua visigino na vidole, kunywa maji. Uvimbe wa safari hupungua ukilala usiku mmoja.

Lakini uvimbe usioisha, pumzi fupi, au kushindwa kulala chali, hapo matembezi hayatoshi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, damu inaweza kuwa imeganda ndani. Na mama aliyejifungua karibuni asiambiwe ni uchovu wa uzazi tu, wala asitafutiwe mchawi: moyo unaweza kudhoofika mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Wote hao wapelekwe hospitali siku hiyohiyo.